Kanuni Ambayo Hatukumwambia

Mwalimu mmoja wa Msanzi alifika mjini Sumbawanga juma lililopita kufuata chaki, na chaki hakupata. Alipita kwangu kabla ya kurudi, akasimama mlangoni akiwa bado ameishika baiskeli yake, kama mtu asiyetaka kukaribishwa ndani. "Shikamoo, mzee. Yule Bwana Kompyuta wetu tumemzika Jumatatu." Nilimwuliza amekufa kwa maradhi gani. "Kifua. Kilimbana siku nne. Zahanati walikuwa na vidonge vya kichwa tu, wakampa hivyo hivyo." Nikamlaumu, kama tunavyowalaumu wasio na hatia pindi habari inapotuuma: mbona hawakunitumia mtu nikaja kuzika? "Kwa gari gani, mzee?" alinijibu bila ukali. "Basi halijaonekana kwetu wiki ya tatu hii. Na maiti haisubiri dizeli." Aliomba maji, akanywa, akapanda baiskeli yake, nami nikabaki pale mlangoni na kata mkononi.

Wanaoisoma safu hii wamezoea kunisikia nikikemea. Nimemkemea fundi anayepaka chokaa juu ya ufa, nikamkemea bwana shamba anayehesabu ekari za wenzake akiwa kitini, nikamkemea hata mhunzi wa mtaani kwetu aliyeniuzia jembe lililokunjika siku ya kwanza. Baadhi yenu mmeniandikia kunishukuru kwa ukali huo. Leo nitakemea pia, ila naomba mnivumilie, kwa sababu mkosaji wa leo ni mtu ambaye nimechukua miaka mingi kumfikia.

Marehemu alikuwa miongoni mwa vijana wachache ambao nchi iliwapeleka ng'ambo kujifunza kuandika programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata hatua kwa hatua bila kuongeza wala kupunguza. Kwa wale ambao hawajapata kuuona mtambo huo, nami ni mmoja wao, alinieleza kwamba ulijaa chumba kizima huko Dar es Salaam. Kwamba ulipulizwa hewa baridi mchana kutwa wakati wahudumu wake wakitoka jasho koridoni. Na kwamba maagizo yake yalitobolewa matundu kwenye kadi ngumu, kadi baada ya kadi, mpaka zikajaa masanduku. Ukiliangusha sanduku, kadi zikachanganyika, kazi ya miezi imekuwa takataka ya kuwashia jiko. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kadhaa, na kwa sifa. Kisha alirudi kwao Msanzi kabla hajatimiza miaka arobaini, akashika jembe. Na kwa kuwa hakueleza kilichomrudisha, watu walijieleza wenyewe. Mnadani walimtania. "Bwana Kompyuta, mtambo wako unasemaje, mvua lini?" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Mtambo unasema panda maharage, acha maneno." Hao ndio waliompenda. Wengine walisema pembeni kwamba alifukuzwa kazi kwa hujuma, kwamba alikipendelea kijiji chake watu wa bondeni wakafa njaa. Maneno hayo ndiyo yanayonilazimisha kuandika, kwa maana najua yalivyozaliwa.

Nilipokuwa na miaka thelathini na kitu, mkoa wetu ukiwa bado mchanga, nilikuwa karani katika ofisi moja ya kugawa chakula ambayo leo haipo tena. Mvua zilikuwa haba miaka ile, na watu wengi walikuwa wamehamia vijiji vipya kabla hawajavuna mashamba ya zamani wala kufyeka mapya. Mahindi ya msaada yaliletwa kwa malori kutoka Mbeya, yakashushwa ghalani Sumbawanga, na kutoka hapo sisi ndio tuliyapeleka vijijini. Waraka wa makao makuu ulitutaka tuanze na kijiji kilicho karibu, tufuate kinachofuata, na kuendelea hivyo hadi cha mwisho, ili dizeli isipotee bure. Bila shaka waraka huo uliandikwa na mtu mwenye ramani isiyo na milima. Huku juu uwandani, barabara ya Msanzi ikilowa, lori litasukumwa, litatukanwa, na mwisho litafika. Lakini ile ya kushuka Mtowisa imening'inia ubavuni mwa milima, na mvua kubwa ya kwanza huikata kama kisu kinavyokata uzi. Ikikatika, bonde zima la Ziwa Rukwa linakuwa nchi nyingine mpaka masika yaishe.

Karani mkuu wetu, mzee mmoja mtulivu mwenye asili ya Kabwe, alikuwa na kanuni yake mwenyewe, na kanuni hiyo ilikuwa na maneno mawili: bonde kwanza. Kila mwaka, jua likiwa bado kali, malori yote yaliteremka Mtowisa. Bonde likishashiba ndipo tulipogeukia Msanzi na vijiji vingine vya juu. Haikuandikwa popote. Kwa kuwa waraka ulikataza, jalada lilijazwa kwa mpangilio wa waraka: Msanzi tarehe za mwanzo, Mtowisa tarehe za mwisho, sahihi na mhuri juu yake. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, hivyo kazi hiyo nilipewa mimi. "Lori linakwenda kwa akili, jalada linakwenda kwa waraka," mzee alikuwa akituambia. "Msiwakutanishe hao wawili, watapigana." Tulicheka, na kwa misimu mitatu tuliendelea hivyo, watu wakala, wakubwa wakafurahia taarifa zetu. Nakiri kwamba tulijiona werevu, na zaidi ya hapo, tulijiona wema.

Ndipo alipokuja marehemu. Alitumwa kutoka Dar es Salaam kujifunza kazi yetu ili aitungie programu; kuanzia hapo, orodha za safari zingetoka kwenye mtambo na sisi tungezitekeleza. Alikuwa kijana wa hapa hapa, Mfipa wa Msanzi, mwenye miwani mizito na daftari lililofungwa kwa raba. Alikaa nasi wiki mbili. Siku ya kwanza alituambia, "Wazee wangu, sikuja kukagua. Nimekuja kujifunza mnavyofanya." Waliomtangulia walisema hivyo pia, kisha wakaandika barua za kutushtaki, kwa hiyo tulimkaribisha chai na tukakaa kimya. Nakumbuka mazungumzo yake na mzee kana kwamba yamefanyika leo asubuhi.

"Mzee wangu, lori huanzia kijiji gani?"

"Cha karibu, Ndugu."

"Kila msimu?"

"Waraka unasema hivyo."

"Sikuuliza waraka unasemaje, mzee wangu. Nimeuliza lori huanzia wapi."

Mzee alinitazama. Ilikuwa zamu yangu kusema, au yake, na kila mmoja wetu alimwachia mwenziwe. Sisi watu wa huku tumelelewa kutombishia mgeni. Na mgeni huyu, ingawa alizaliwa kwetu, alikuwa amevaa viatu vya makao makuu. Hatimaye mzee akasema, "Mpe Ndugu majalada." Nikampa. Aliyasoma kwa siku tatu, akanakili kila safari, akausifu mwandiko wangu. Alitaka kushuka Mtowisa aone kwa macho yake, lakini wiki ile hapakuwa na gari, na simu ya upepo ilikuwa ikimwita arudi. "Si kitu," alisema, "mimi ni mtu wa hapa." Naye hakuwa amepata kushuka bondeni hata siku moja maishani mwake.

Miezi michache baadaye tulipata barua yake, yenye furaha ya mtu aliyefanya kazi kwa haki. Programu ilikuwa tayari. Ameipima, aliandika, kwa kuipa mahitaji ya misimu yetu mitatu iliyopita na kulinganisha orodha ilizotoa na majalada yetu, na zimelingana hadi mstari wa mwisho. Mzee aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akasema, "Basi tumefaulu mtihani," na safari hii hakucheka. Kabla ya msimu kuanza alistaafu, akarudi kwao Kabwe.

Orodha za mtambo zilifika katika bahasha kubwa, karatasi pana zenye matundu kandokando, na ndani yake vibali vya dizeli. Hapo ndipo ujanja wetu ulipofungiwa mlango, maana kibali cha safari ya pili hakikutolewa mpaka stakabadhi ya safari ya kwanza irudi imetiwa sahihi. Zamani vibali hivyo vilikuwa mfukoni mwa mzee. Sasa vilifuata orodha. Msimamizi mpya, mtu mnyofu na mwoga, aliipokea bahasha kwa mikono miwili. Dereva wetu mkubwa, aliyetoka katika ukoo mmoja wa wafanyabiashara wa hapa mjini waliotukodishia malori, aliitazama karatasi akatema mate pembeni.

"Msanzi? Mnanipeleka Msanzi na jua zuri namna hii? Na bonde?"

"Orodha inaanza na Msanzi, Ndugu dereva."

"Hiyo orodha imepata kushuka Mtowisa?"

"Mtambo haukosei," msimamizi akamwambia.

"Mtambo utakosea wapi, Mkuu, nao hausukumi gari? Haya, karani, wewe unajua. Mwambie."

Wote wawili walinigeukia. Nilisema kwamba labda tungeshauriana na makao makuu. Neno "labda" lilinitoka kwa urahisi sana. Msimamizi alisema hakuna muda wa kushauriana, dereva akapanda lori lake akaufunga mlango kwa kishindo, na mahindi yakaenda Msanzi, kisha vijiji vya jirani, kisha vya mbele yake, kwa utaratibu usio na dosari. Mvua ilianza tukiwa tumebakiza bonde peke yake. Kwa siku tano hatukuona milima. Dereva alilifikisha lori la kwanza hadi ukingoni mwa mteremko, akakuta barabara haipo. Alisimama hapo siku mbili na magunia yake, akarudi nayo.

Niliteremka kwa miguu mvua zilipopungua, nikiwa na wenzangu wawili, kuandika taarifa. Sitaeleza yote niliyoyaona. Kijiji kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mistari kama tulivyoagizwa zipangwe, na pembeni mwa nyumba makaburi yasiyokuwa na mstari wowote, mengi yakiwa mafupi. Mama mmoja alikuwa akichemsha mizizi. Alinikaribisha kigoda, akasubiri nipumzike kama adabu inavyotaka, ndipo akauliza, "Ndugu, mwaka huu tulikosa nini?" Sikumwelewa. Akaeleza kwa subira: kila mwaka mliwahi kuja kwetu, mwaka huu hamkuja, kwa hiyo lipo kosa tulilofanya; tuambiwe ni lipi ili tusirudie. Alidhani wameadhibiwa. Nilimwambia ni mvua, mama. Katika taarifa niliandika hivyo hivyo: mvua. Mwandiko wangu ulikuwa bado mzuri.

Marehemu hakuitwa. Alikuja mwenyewe kiangazi kilichofuata, siku zake za likizo, kwa sababu katika stakabadhi zilizorudi Dar es Salaam aliona pengo la bonde zima, na neno "mvua" halikumtosha. Alipanda lori la chumvi hadi Mtowisa, akakaa huko siku nne, akarudi huku juu. Alinikuta ofisini saa ya chakula cha mchana, wengine wametoka. Vumbi lilikuwa limemfikia mpaka kwenye nyusi. Aliomba jalada la msimu wa kwanza, akalifungua mbele yangu.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Kule chini wananiambia zamani lori lilifika kwao kabla ya mvua. Kila mwaka. Hapa pameandikwa lilifika mwisho. Nani mkweli, wao au jalada?"

"Wao."

Alikaa. Kwa muda mrefu alikuwa akiusugua ukurasa ule kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayetaka wino utoke. "Wanasema Mfipa wa Msanzi amekipendelea kijiji chake," alisema mwishowe. "Mtoto mmoja alinirushia donge la udongo, mama yake hakumkanya." Kisha akasema, "Nilipima kwa majalada haya, kaka. Yalilingana. Nilifurahi, nikawanunulia soda ofisi nzima." Nilitaka kujitetea, nikaanza habari za waraka na za mzee. Alinyanyua mkono. "Sikuja kutafuta mwenye kosa. Nimekuja kutafuta karatasi moja."

Aliieleza karatasi hiyo kwa ufasaha wa fundi. Wakubwa wake walishaipokea programu, wakaishangilia na kuifunga. Haikuruhusiwa kuguswa isipokuwa pawe na ushahidi wa maandishi kwamba ilijengwa juu ya taarifa zisizo za kweli. Nilitakiwa kuandika kwamba majalada ya misimu ile hayaonyeshi malori yalivyokwenda. Hakutaka sababu wala jina la mzee. Akipata karatasi hiyo, ataongeza kanuni moja tu, bonde kwanza, kadi chache, kazi ya siku mbili. Asipoipata kabla ya Septemba kwisha, orodha za msimu mpya zitapigwa chapa kama za mwaka jana, na Mtowisa itakuwa ya mwisho. "Unanielewa, kaka? Wale wale. Mara ya pili." Nilimwelewa. Nilimwomba siku mbili.

Nanyi mnaosoma mnajua miaka ile ilikuwaje. Neno hujuma lilikuwa likimtosha mtu kupoteza kazi, nyumba, na pengine kulala mahabusu kwa kosa lisilo na jina. Nilikuwa na mke na watoto wanne. Niliiandika karatasi ile mara nyingi, nikaichana kila mara. Siku mbili zikawa wiki mbili. Alirudi Dar es Salaam bila kitu, akaniandikia barua mbili fupi zenye adabu, sikujibu. Septemba ikaisha.

Bahasha ya msimu ilipofika niliifungua mimi, na mstari wa kwanza wa orodha ulikuwa Mtowisa. Niliusoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikausoma tena. Dereva alisogea akachungulia juu ya bega langu. "Kumbe mtambo nao hufundishika," alisema, akaenda kuwasha lori. Mahindi yaliteremka bondeni yote katika siku za jua. Mvua ilipokuja na kuikata barabara, ilikata barabara tu. Msimu ule sikuwahi kusikia kwamba Mtowisa wamechimba kaburi la njaa.

Marehemu alikuwa amezibadili kadi bila idhini. Alisema waziwazi walipomwuliza, na walipomtaka aonyeshe ushahidi wa maandishi uliomruhusu, hakuwa nao. Watu wawili walitumwa huku kuchunguza. Waliniketisha, wakaniuliza swali moja: majalada ya misimu ile mitatu ni sahihi? Nikajibu, "Majalada yapo, yana sahihi na mhuri." Kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli, na lote kwa pamoja lilikuwa uongo. Waliandika, wakanishukuru. Yeye alifukuzwa kwa kuvuruga mtambo wa umma kwa manufaa yasiyoeleweka, nami mwaka uliofuata nilipandishwa cheo.

Aliporudi Msanzi nilianza kumtembelea, kwanza kwa hofu, baadaye kwa mazoea. Hakunifukuza. Tulikaa uani mkewe akipepeta ulezi, naye alinifundisha mengi kuhusu kazi aliyonyang'anywa, bila uchungu uliosikika. Alisema watu hudhani programu ikishaandikwa imekwisha, kumbe haichakai kama shati. Yenyewe hubaki ilivyo, dunia ndiyo husogea ikaiacha, na asipokuwapo mtu wa kurudi kuitazama, itaendelea kutii amri za dunia ambayo haipo tena. Alisema sherehe ya makabidhiano ndiyo siku ya hatari kuliko zote, kwa maana kila mtu huenda nyumbani. Mara moja alinionyesha matuta yake, yale matuta makubwa ya mviringo ambayo wazee wetu walituachia, majani yamefukiwa ndani yaoze kwa ajili ya mazao yajayo. "Baba yangu hakumwuliza mtu kama majani yameoza," alisema. "Aliingiza mkono ndani ya tuta mpaka kwenye kiwiko. Mimi nilisoma miaka yote ile, nikaenda kumwuliza jalada."

Siku moja tu nilijipa moyo nikamwuliza mbona hakunitaja kwa wale wachunguzi. Akanijibu, "Ningekutaja, wangekufukuza wewe pamoja na mimi, na bado pasingekuwa na karatasi. Mtu akifukuzwa, kosa hubaki pale pale. Limepoteza shahidi tu." Kisha akamgeukia mkewe, akamtaka amwongezee shemeji yake chai.

Nimelifikiri sana jambo hilo ninapotazama ofisi zetu. Kuna mikoa inayovuna zaidi kwenye taarifa kuliko shambani. Kuna visima vilivyochimbwa mara mbili katika jalada na havijatoa ndoo ya maji. Tunawacheka wenye kuandika hayo, au tunawasamehe kwa kuwa waraka ulikuwa mbaya na wao walikuwa na nia njema. Nasema kutokana na yale niliyoyatenda: uongo unaotamkwa ili kulinda kazi njema ni mbaya kuliko ule wa mwizi, kwa sababu mwizi anajua kwamba siku moja vitu vitahesabiwa, ilhali mwema hajishughulishi kuuondoa uongo wake. Huuacha ndani ya kabati, umepigwa mhuri, mpaka mtu mwaminifu anakuja kujenga juu yake. Na kadiri mjenzi huyo anavyokuwa makini, kadiri anavyopima na kulinganisha, ndivyo kosa linavyozidi kuwa imara. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Ya kwetu ilirefushwa na mwandiko mzuri.

Nilikwenda Msanzi juzi, kwa miguu na kwa lori la mkaa, kutoa pole. Mjane wake alinipokea kama desturi inavyotaka, akanipa kigoda, akanisimulia siku zile nne. Hakulia. Nilipoinuka kuaga alinisindikiza hadi njiani, akasimama.

"Shemeji, nikuulize jambo?"

"Uliza, shemeji."

"Miaka yote hiyo ulipokuwa ukija, ukishaondoka nilimwuliza: ameileta? Akanijibu: bado. Nikamwambia, basi mwulize mwenyewe. Akasema hapana, nilishaomba; karatasi ya kulazimishwa haina thamani." Alijifunga khanga yake upya kiunoni. "Jumamosi alikuwa hapumui vizuri. Nikamwuliza kwa utani tu, ili acheke. Akasema, bado." Halafu akanitakia safari njema, akarudi kwa wageni wake.

Ofisi ile imekufa, wakubwa wale wametawanyika, na sijui leo nimpelekee nani barua. Kwa hiyo naiandika hapa, mbele ya mashahidi wengi kuliko alioniomba. Majalada ya misimu ile mitatu hayaonyeshi malori yalivyokwenda. Niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, nikijua. Programu iliyowaacha watu wa Mtowisa bila chakula ilijengwa juu ya majalada hayo na mtu aliyeyaamini kwa sababu aliuliza vizuri akajibiwa vibaya. Aliyezibadili kadi hakukipendelea kijiji chake. Alikitoa mwanzo wa orodha akakiweka nyuma ya bonde, na kwa kufanya hivyo watu walipona. Anayetafuta wa kumlaumu kwa waliokufa msimu uliotangulia anilaumu mimi kwa kuchelewa, asimguse yeye.

Funzo langu ni dogo, na nimelilipia kwa jina la mtu mwingine. Fundi mwema anaweza kukosea, naye akirudi kurekebisha tumsaidie badala ya kumtaka kibali. Lakini sisi tunaoijua kazi inavyofanyika kwa kweli, tuliokaa karibu nayo mpaka tukajua inapokwama, tusimpe anayeuliza kile kinachompendeza mkubwa. Mwenye kujua akiulizwa, ajibu siku hiyo hiyo. Kesho kutakuwa na mtu ambaye ameshaanza kujenga juu ya kimya chake.